Duka la fomu la Shela, Malindi: nyota nne, ya tano nimeizuia

Ukitoka Msikiti wa Juma kuelekea bandarini, ukishayapita yale makaburi ya mnara, kuna kichochoro upande wa kushoto chenye mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu. Nje kuna benchi moja la mbao. Bango hakuna, ila karatasi iliyobandikwa ukutani: FOMU ZOTE. Sisi wa mtaani hupaita "kwa fomu", na dereva yeyote wa tuktuk anayeijua Shela atakufikisha.

Nimepekua mitandaoni nikaona mahoteli ya Lamu Road yameandikiwa sifa kurasa kwa kurasa. Pizza imesifiwa, aiskrimu imesifiwa, hata viti vya kulalia ufukweni vina wasifiaji wao. Duka hili hakuna aliyelitaja. Basi nimeona niandike mimi, mama karanga, yaani mkaanga samaki wa bandarini, kwa sababu wanaolihitaji zaidi ni watu wasiopenda kuandika majina yao popote.

Mwenye duka ni binti wa Kigiriama aliyewahi kuwa karani wa wakili. Sheria anaijua kwa vifungu. Msaidizi wake ni kijana wa Kibajuni kutoka Kizingitini, mwepesi wa kompyuta, mzito wa salamu. Fotokopi shilingi 10, kuskani 20, barua ya kuandikiwa 150, kujaza fomu ya eCitizen 200. Bei imeandikwa ukutani kwa kalamu nene, nayo haipandi ukija umevaa saa ya dhahabu wala haishuki ukilia. Nimejaribu kulia, haikushuka.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya kitambulisho cha mwanangu. Marehemu babake alikuwa Mpemba wa Micheweni. Alikuja dago, yaani kambi ya uvuvi ya msimu, na mjomba wake akiwa kijana, akavua, akaoa, akabaki mpaka akazikwa hapa. Miaka yote hiyo hakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote. Leseni ya uvuvi ilikuwa ya jina la mtu mwingine. Laini ya simu ilikuwa ya jina langu, kwa hivyo akiuza samaki pesa zinaingia kwangu, na kwa hilo wallahi sikuwahi kumlalamikia. Lakini alipougua ndipo nikaona uzito wake. Kila dirisha la hospitali linaanza na namba ya kitambulisho.

Mtoto alipotimu miaka 18 nikampeleka kwenye ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Wakataka kitambulisho cha babake. Nikasema hakuwa nacho, na sasa amefariki. Wakasema lete cha babu yake. Babu yake yuko Micheweni, kaburini. Wakasema basi rudi baadaye, na baadaye yenyewe haina tarehe. Nikirudi nakuta afisa mwingine na swali jingine. Mmoja alimwuliza mwanangu ataje majina ya machifu wa zamani wa Malindi. Mtoto amezaliwa hospitali ya hapa, kasoma shule ya hapa, kiswahili chake ni cha hapa. Machifu wa zamani hata mimi siwajui.

Yule binti alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza, jambo ambalo nalihesabu kuwa sehemu ya huduma. Kisha akafungua Katiba ya 2010 kwenye kompyuta, akanionyesha kifungu cha 14: anayezaliwa na mama raia, au na baba raia, naye ni raia kwa kuzaliwa. Mzazi mmoja anatosha. Akaniuliza, "Mama, wewe mwenyewe kitambulisho unacho?" Ninacho, tangu enzi za Moi. "Basi hapa tunakuzungumzia wewe. Babake mwache apumzike."

Sikuwa nimewahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Miaka yote nilidhani mimi ndiye msindikizaji wa karatasi za mume wangu, kumbe uraia wa mwanangu ulikuwa kwenye pochi yangu. Akaniandikia barua ya ukurasa mmoja, kifungu kimetajwa, na chini yake orodha ya viambatisho: kadi ya kliniki, cheti chake cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho changu, barua ya mwalimu mkuu, barua ya chifu. Akasema nisiipeleke mkononi tu. Nitoe nakala, nipigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, tarehe ionekane. Kile kimuhuri ndicho kilichowafanya waanze kuniita "mama" pale ofisini badala ya "wewe". Kitambulisho kilichelewa, lakini kilitoka, na jina halikukosewa hata herufi.

Tukingojea karatasi zichapwe nilimweleza habari za marehemu, akanipa hesabu iliyoniuma. Wapemba wamekuwa pwani hii tangu kabla ya uhuru. Wengine walikimbia baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na Januari 2001, maandamano ya uchaguzi kule Pemba yalipojibiwa kwa risasi, zaidi ya watu 2,000 waliingia bandari ya Shimoni, Kwale, kwa majahazi na ngalawa. Sheria ya uraia ya 2011 ilifungua dirisha kwa wasio na nchi walioishi Kenya tangu tarehe 12 Desemba 1963, lakini dirisha lenyewe lilikuwa na muda, ukaongezwa, ukaisha Agosti 2019. Wamakonde, nao hawakuwa na uraia, ilibidi watembee kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakapewa vitambulisho mwanzoni mwa 2017. Washona wakatambuliwa Desemba 2020. Zamu ya Wapemba ilifika Julai 2023, Rais William Ruto alipokuja Kilifi. Mume wangu alikwisha kuzikwa. Watu wa chombo chake walikwenda Kilifi wamevaa kanzu kama siku ya Idi, na mmoja wao aliporudi alinionyesha karatasi yake mara mbili, akidhani mara ya kwanza sikuona vizuri.

Sasa niseme habari za lile benchi, kwa kuwa ukienda utakaa hapo, na utakaa sana.

Benchi la kwa fomu ni bunge. Asubuhi moja mwendesha boda aliyekuja kutafuta cheti cha tabia njema alikuwa amepandisha. Anasema serikali inagawa uraia kama njugu za arusi, wageni wanajaa, samaki wanaisha kwa nyavu zao za ring'i, zile kubwa za kuzingira kundi zima la samaki, kazi zinaisha, na usalama je? Nchi gani haiulizi mtu umetoka wapi? Pembeni yangu alikaa kijana wa Kipemba, uso ameugeuzia ukuta, anasoma kalenda ya mwaka uliopita.

Sikumdharau yule wa boda. Nyavu ya ring'i nimeiona ikipandisha samaki wachanga wa kukaanga kwa kijiko, na mimi ndiye ninayekosa samaki changu wa kuuza mwaka unaofuata. Na nchi kuuliza mtu umetoka wapi si dhambi. Lakini nimenunua samaki bandarini miaka mingi, namjua nani ni nani. Nyavu ile haimilikiwi na Mpemba anayeivuta. Nyavu, mashine na mafuta ni vya tajiri wa hapa hapa mjini, mwenye kitambulisho na jina la ukoo. Anapenda mabaharia wasio na karatasi kwa sababu moja: siku ya mgawo akiwapunja, hawana polisi wa kumwendea. Mwenye karatasi akipunjwa hupiga kelele. Asiyenazo hushukuru. Kwa hiyo yule wa boda anayetaka kazi ya chombo apewe mtu wa Malindi, adui wake si huyu anayesoma kalenda. Nilimwambia hivyo. Akaniambia, "Bi mkubwa, wewe uliolewa nao." Benchi zima likacheka, hata mimi.

Yule kijana wa kalenda zamu yake ilipofika ndipo nikaona kwa nini duka hili ni la kuaminika. Yeye hakuzaliwa hapa. Alivuka juzijuzi tu kutoka Pemba, na dalali mmoja amemwahidi kitambulisho cha Kenya kwa shilingi 20,000. Alitaka fomu ijazwe tu, amelipa nusu tayari. Duka jingine lingejaza, likala 200 zake. Binti alikataa. Akamwambia wazi: wewe si mtu asiye na nchi, wewe ni Mtanzania. Ile ya 2023 ilikuwa ya Wapemba wenye mizizi hapa, haikuhusu. Kitambulisho cha kununua ni kosa la jinai, na siku kikikamatwa dalali hatakuwapo. Rudi, chukua pasipoti ya kwenu, pita mpakani Horohoro na Lunga Lunga upigwe muhuri, ukitaka kufanya kazi uombe kibali. Kijana akasema nauli ya kurudi hana. Hapo binti hakuwa na jibu, wala hakujifanya analo. Alimchapia karatasi moja bure, akamwambia aiweke mfukoni.

Karatasi hiyo imebandikwa pia ukutani, na kwangu ndiyo kitu bora kabisa humo dukani. Ni ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kueleweka, umetoka kwenye Katiba. Kifungu cha 49: ukikamatwa, uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, una haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo umeangukia siku ya kufungwa. Kifungu cha 43: hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 41: kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini. Kifungu cha 53: kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi bila malipo. Hivi ni vya mtu yeyote aliyesimama kwenye ardhi hii, raia au si raia. Wale vijana wa Kihabeshi wanaokutwa wamebanana nyuma ya malori, safarini kuelekea Afrika Kusini, wakifikishwa kortini kwetu huwa wanatazama midomo ya watu tu. Laiti kungekuwa na mtu wa kuwachapia ukurasa kama huu kwa Kiamhari.

Halafu kuna Mtaliano. Malindi ukisema mgeni asiye na karatasi, watu huwaza Mpemba, Mhabeshi, Msomali. Hawawazi huyu mzee wa kaptura na viatu vya ngozi. Wataliano wako hapa tangu Ngomeni, tangu roketi za 1967 za San Marco, kituo chao cha kurushia roketi, wakafuatwa na mahoteli, na siku hizi kuna wazee wengi wa pensheni wanaokaa peke yao na paka. Huyu aliingia na sauti yake mlangoni: kibali chake kimekwisha tangu kabla ya korona, anacheka, anamwambia kila mtu. Kile cha watu wa kipato bila kazi kinataka uonyeshe dola 24,000 kwa mwaka, na pensheni yake haifiki. Akakaa kwenye benchi baina yangu na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Binti alimwambia yale yale ambayo angemwambia mwingine yeyote. Kifungu cha 53 cha sheria ya uraia na uhamiaji, kukaa nchini bila ruhusa, faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mzee akaacha kucheka. Akauliza kama ni kweli, "hata mimi?" Akaambiwa hata wewe. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia. Amekunywa kahawa Lamu Road miaka hiyo yote akisalimiana na kila mwenye sare. Mimi sijasikia msako ukipita kwenye mikahawa ile saa ya kahawa, bandarini nimeuona alfajiri.

Simchukii. Nitawaambia kwa nini, na hii ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Mdogo wangu yuko Bergamo. Alikwenda kwa ndoa, ndoa ikavunjika, kibali chake cha kukaa kikaisha, akabaki anasafisha majumba ya wazee. Naye sasa ni mgeni asiye na karatasi, huko kwao huyu mzee. Wakati ule alikuwa na maumivu ya tumbo ambayo hayaachi, na hospitali haendi, anaogopa daktari atampigia polisi simu. Ananipigia mimi usiku analia, mimi niko Malindi na sufuria ya mafuta, nitamfanyia nini? Nikamwuliza binti kama sheria za Italia nazo anazo. Akasema hana, ila mtandao upo. Yule kijana wa Kibajuni akatafuta, akapata ukurasa, umejaa Kitaliano kitupu.

Tukamgeukia mzee. Akavaa miwani. Akasoma polepole, akitafsiri kwa Kiswahili chake cha sokoni kisicho na ngeli: kwamba katika sheria yao ya wageni ya 1998, kifungu cha 35, mgeni asiye na kibali ana haki ya matibabu ya haraka na yale ya lazima, mimba, watoto, maradhi ya kuambukiza, na kwamba kwenda kwake hospitali kusitolewe taarifa kwa polisi, ila pale ambapo hata raia angetolewa taarifa. Anapewa namba, wanaiita STP, ya miezi sita, inaweza kuongezwa. Aliposoma hapo kuhusu polisi alirudia. Kisha akavua miwani akasema kwamba yeye hakuwa akijua kama kwao kuna sheria hiyo, na kwamba chama anachokipigia kura kila uchaguzi kinataka watu kama mdogo wangu wafukuzwe.

Nikamwuliza, na wewe hapa? Akainua mabega. Hakuwa na la kusema, mimi pia nikanyamaza, kwa kuwa alikuwa amenisaidia. Kijana alituchapia ukurasa, tukaupiga picha, nikamtumia mdogo wangu palepale. Kesho yake asubuhi alikwenda hospitali. Ilikuwa nyongo. Walimtibu, namba wakampa, na polisi hawakuja. Kibali bado hana. Juni 2025 waliitisha kura ya maoni huko ya kupunguza miaka ya kungojea uraia kutoka kumi hadi mitano, wapiga kura hawakufika nusu, ikaanguka. Hata ingepita isingemfaa yeye, kwani miaka inayohesabiwa ni ya kukaa kihalali. Lakini tumbo limepoa.

Kwa ukurasa ule walinitoza shilingi 10. Bei ya ukutani.

Sasa lawama, nazo si ndogo.

Ya kwanza ni sauti. Yule kijana wa Kizingitini akimaliza kuchapa hutoka mlangoni akaita kwa nguvu zote: "Wa kibali kilichokwisha! Wa cheti cha ndoa! Wa kitambulisho cha Mpemba!" Kichochoro kizima kimesikia. Kwa mtu aliyekuja kutafuta fomu ya biashara hiyo ni kero tu. Kwa mtu anayejificha ni hatari, na nimewahi kuona mama akiondoka bila kuchukua karatasi zake kwa aibu. Wape watu namba. Vipande vya katoni na kalamu vinatosha.

Ya pili nimeigundua kwa bahati. Nyuma ya meza kuna katoni la sabuni limejaa nakala zilizoharibika: vitambulisho vya watu, pasipoti, barua za chifu, picha za watoto. Wino ukififia wanachapa upya, ile mbaya wanatupa humo. Nilimwona muuza mahamri akichukua kadhaa za kufungia. Nikala mahamri siku hiyo nikisoma tarehe ya kuzaliwa ya mtu nisiyemjua. Tuna sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, na mtu aliyefanya kazi kwa wakili anaijua kuliko mimi. Nimemwambia, amekubali, katoni bado lipo. Kwa sababu ya katoni hilo nyota ya tano nimeizuia, nitaitoa nikiliona limechomwa moto.

Benchi nalo lina msumari upande wa kulia. Printa inatia mstari mweusi pembeni, na kuna ofisi zinazorudisha karatasi yenye mstari, kwa hivyo kagua kabla ya kulipa.

Kuhusu usaili, yaani kule kuchujwa kwa vijana wa Kiislamu na wa mipakani kabla ya kupewa kitambulisho: Februari 2025 Rais alitangaza kwamba umeondolewa. Binti amebandika tangazo hilo karibu na mlango, na hukuchapia nakala uende nayo. Ukiulizwa machifu wa zamani, toa karatasi.

Hufungua saa mbili asubuhi, hufunga saa kumi na moja. Ijumaa hakuna mtu kuanzia saa sita mpaka saa nane. Stima ikikatika usingoje, jenereta hawana. Nenda na hela ndogondogo, chenji ni shida. Nakala zako zilizoharibika ziombe, uondoke nazo. Na kama jambo lako si la kusikiwa na kichochoro, nenda saa saba au saa nane za jua kali, wakati kijana amekwenda kula na binti yuko peke yake.